Mnyama Kapita, DNA Yake Imebaki

Katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, karibu na mji mdogo wa Port Nolloth, yupo fuko ambaye ni vigumu mno kumwona. Ni kipofu, ni mdogo wa kuenea kiganjani, na hupita ndani ya mchanga laini wa matuta kama samaki apasuavyo maji. Akishapita, mchanga hujifumba nyuma yake. Anahisi mitikisiko kwa ukali kiasi kwamba hatua za mtu humfikia kabla mtu mwenyewe hajafika. Anaitwa fuko-dhahabu wa De Winton. Kwa zaidi ya miaka 80 hakuna mtafiti aliyethibitisha kumpata, na wengi walishaanza kumhesabu miongoni mwa waliotoweka.

Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Endangered Wildlife Trust na Chuo Kikuu cha Pretoria walikwenda kumtafuta wakiwa na mbwa mmoja na vifaa vya kuchukulia mchanga. Mbwa huyo, Jessie, alikuwa amefundishwa kunusa harufu ya mafuko-dhahabu. Walitembea kwenye matuta wakifuata michirizi inayoachwa na fuko anayepita chini kidogo ya uso wa mchanga, wakachota mchanga uliopitiwa, wakauhifadhi, wakaupeleka maabara. Walikusanya sampuli zaidi ya 100. Novemba 2023 walitangaza kwamba fuko huyo bado yuko hai, na uthibitisho wao ulitoka kwenye mchanga wenyewe. Alipokuwa akijipenyeza, seli za ngozi na chembe za mwili wake zilibaki kwenye punje za mchanga, na ndani ya seli hizo mlikuwa na DNA yake.

Hiyo ndiyo DNA ya mazingira. Wataalamu huiandika eDNA. Ni vinasaba vinavyookotwa majini, udongoni, thelujini au hewani bila kumshika mnyama, na mara nyingi bila hata kumwona. Mbinu hii imebadilisha sana kazi ya kufuatilia wanyamapori katika miaka chini ya 20, na inastahili kueleweka vizuri, kwa sababu habari zake husimuliwa kana kwamba unachota maji, unayaingiza kwenye mashine, na mashine inakutajia nani anaishi wapi. Mambo hayaendi hivyo.

Kinachobaki nyuma

Kila kiumbe humwaga sehemu ya mwili wake muda wote. Samaki amejipaka ute kutoka kichwani hadi mkiani, na ute huo unachujuka majini saa zote. Chura hujibambua ngozi. Mnyama wa nchi kavu huacha mate mtoni anapokunywa, nywele kichakani anapojipenyeza, mkojo na kinyesi kila anapopita. Mmea humwaga chavua. Katika msimu wa kuzaliana, mayai na manii ya samaki huyajaza maji kwa DNA kiasi kwamba kipimo kinaweza kuruka juu ghafla kwa siku chache, kisha kikashuka.

Ndani ya seli nyingi za mnyama kuna DNA ya aina mbili. Ile iliyo katika kiini ina nakala chache tu. Nyingine imo katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati, na hiyo huwa na nakala mamia hadi maelfu katika seli moja. Watafiti wa eDNA huikimbilia hii ya pili kwa sababu nyepesi: ukitafuta kitu kilichosambaa ndani ya ziwa zima, tafuta kilicho kingi.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. DNA iliyomo majini ni moshi wa mnyama. Inatuambia kwamba mahali fulani, wakati fulani, moto uliwaka. Lakini moshi hupeperushwa, hukawia baada ya moto kuzimika, na pengine hutoka jikoni kwa jirani. Ugumu wote wa mbinu hii, na kwa maoni yangu uzuri wake wote, umo katika kuuhoji moshi huo mpaka useme umetoka wapi.

Wazo lenyewe lilianza na viumbe vidogo kabisa. Katika miaka ya 1980 wanasayansi walikuwa wakitoa DNA ya bakteria kwenye matope bila kuwakuza bakteria hao maabara. Mwaka 2003 kundi lililoongozwa na Eske Willerslev wa Denmark lilionyesha kwamba udongo wa Siberia ulioganda kwa maelfu ya miaka bado ulikuwa na DNA ya mimea na ya wanyama, wakiwemo mamothi, tembo wa kale wenye manyoya marefu. Kisha mwaka 2008, Francesco Ficetola na wenzake walichota mililita 15 tu za maji kutoka kila sehemu waliyopima katika madimbwi ya Ufaransa, na katika maji hayo wakagundua chura mkubwa wa asili ya Amerika Kaskazini, mgeni aliyeletwa huko akawa mvamizi. Mililita 15 ni kijiko kikubwa kimoja. Kuanzia hapo watu wa uhifadhi wakaamka.

Safari ya lita moja ya maji

Tuifuate sampuli moja kwa karibu, maana mtu asiyejua kazi inavyofanyika hawezi kujua inakoharibikia.

Mtafiti anafika ukingoni mwa dimbwi. Kabla hajagusa maji anavaa glavu mpya, na buti zake zimeoshwa kwa dawa ya klorini, kwa sababu tope la dimbwi la jana lina DNA ya dimbwi la jana. Haingii majini akayavuruga, anachota kwa kunyoosha mkono au kwa kijiti kirefu. Anachota kidogo hapa, kidogo pale, akilizunguka dimbwi, kwa sababu DNA haijasambaa sawasawa kama sukari iliyokorogwa. Imekaa kama mawingu: sehemu moja ni nzito, hatua tano mbele haipo.

Maji hayo, mara nyingi lita moja au mbili, yanasukumwa kupitia chujio lenye vitundu vidogo sana, kwa kawaida mikromita 0.45. Molekuli ya DNA iliyo uchi ingepita humo bila shida. Inayonaswa ni DNA iliyo bado ndani ya seli, ndani ya vipande vya seli, au iliyojishikiza kwenye chembe za tope. Maji yakiwa na tope jingi au mwani, chujio huziba baada ya nusu lita na mtu anabaki akisukuma bomba mpaka mkono unauma. Hili ni tatizo halisi la kazi, kwani dimbwi lenye matope huishia kupimwa kwa maji machache kuliko dimbwi safi, na ukiyalinganisha mawili hayo bila kulikumbuka hilo umejidanganya.

Chujio linatiwa kwenye alkoholi au kimiminika cha kuhifadhia, au linagandishwa. Haraka inahitajika, kwa sababu tangu maji yalipochotwa bakteria waliomo wanaendelea kuila DNA hiyo. Na kuna chupa moja ya ziada ambayo wengi hawaitaji: maji safi yaliyotoka maabara, yaliyobebwa mpaka porini, yakachujwa palepale kwa vifaa vilevile. Chupa hiyo haitakiwi kuwa na DNA ya mnyama anayetafutwa. Ikiwa nayo, kazi yote ya siku hiyo inatiliwa shaka.

Maabara, DNA inatenganishwa na uchafu kisha inaingizwa kwenye mashine ya PCR, mbinu aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mashine hupasha mchanganyiko hadi kiasi cha nyuzi joto 95, zile kamba mbili za DNA zikaachana. Hupoza kidogo, vipande vifupi vya kuanzishia vilivyotengenezwa maalumu vikajishikiza pale vinapofanana na DNA iliyopo. Hupasha tena kiasi, kimeng'enya kikajenga kamba mpya. Nakala moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa nakala zaidi ya bilioni moja.

Hapo ndipo nguvu na hatari ya mbinu hii zinapokutana. Mashine iwezayo kukuza molekuli moja mpaka ikaonekana haichagui molekuli hiyo imetoka wapi. Tone lisiloonekana kutoka kwenye jaribio la wiki iliyopita lina mabilioni ya nakala tayari. Ndiyo maana maabara makini hutenga vyumba: chumba cha kutoa DNA ni kimoja, cha kuikuza ni kingine, na mtu aliyeingia cha pili harudi cha kwanza siku hiyo. Hata dawa za maabara zimewahi kukutwa na DNA ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Mtafiti anayetafuta nguruwe-mwitu kwa njia hii ana kazi ya ziada.

Kumwita mmoja, au kuita mahudhurio

Kuna namna mbili za kuuliza. Ya kwanza ni kumwita mnyama mmoja kwa jina. Unatengeneza vipande vya kuanzishia vinavyojishikiza kwenye DNA yake tu, unaiacha mashine ipime kadiri nakala zinavyoongezeka, na jibu linakuja: yupo au hakuonekana. Ni njia ya haraka na yenye hisia kali, na ndiyo inayotumika mahali ambapo sheria inataka jibu moja.

Mfano mzuri uko Uingereza. Huko yupo salamanda wa madimbwini mwenye kishungi mgongoni, anayelindwa na sheria kiasi kwamba anayetaka kujenga karibu na dimbwi lazima kwanza ijulikane kama yumo. Zamani ilibidi wataalamu waende usiku mara kadhaa wakiwa na tochi na mitego ya chupa. Mwaka 2014 mamlaka za England zilikubali kipimo cha eDNA: safari moja, mchana, sehemu 20 kulizunguka dimbwi. Utafiti uliotangulia uamuzi huo uligundua salamanda hao katika kiasi cha asilimia 99 ya vipimo vilivyofanywa na wataalamu kwenye madimbwi yaliyojulikana kuwa nao. Watu wa kujitolea walipochota wenyewe, asilimia ilikuwa 91, na mimi naiona namba hii ya pili kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ina maana mtu asiye mtaalamu, akipewa maelekezo mazuri na glavu, anaweza kuleta ushahidi unaoaminika. Lakini kipimo hicho kinakubaliwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Juni tu, wakati salamanda wamo majini kuzaliana. Ukipima Desemba ukakosa, hujajua lolote.

Namna ya pili ni kuita mahudhurio ya darasa zima. Unatumia vipande vya kuanzishia vinavyojishikiza kwenye DNA ya kundi zima, tuseme samaki wote, katika sehemu ya jeni ambayo miisho yake inafanana kwa wote ila katikati inatofautiana kutoka spishi hadi spishi. Kila nakala inasomwa herufi kwa herufi, A, T, C na G, na mfuatano unaopatikana unalinganishwa na hazina ya mifuatano inayojulikana. Hiki ndicho kinachoitwa msimbo pau wa DNA, wazo lililoenezwa na Paul Hebert wa Kanada kuanzia mwaka 2003. Wajapani wakiongozwa na Masaki Miya walitoa mwaka 2015 seti ya namna hiyo kwa ajili ya samaki, na sasa inatumika karibu kila bahari. Shirika la UNESCO liliitisha mahudhurio kama hayo katika maeneo 21 ya bahari yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia, wakazi na watoto wa shule wakishika mabomba ya kuchujia, na zaidi ya spishi 4,000 zikajitokeza.

Ila mwalimu huyu anaita kutoka kwenye daftari. Asiye na jina daftarini haitwi, hata akiwa amekaa mstari wa mbele. Spishi nyingi za dunia, hasa za nchi za joto ambako uhai umejaa zaidi, hazijasomwa DNA na kuwekwa kwenye hazina za kimataifa. Mfuatano wao unatoka kwenye mashine ukiwa safi kabisa, kisha unakosa wa kufananishwa naye. Au mbaya zaidi, unafananishwa na ndugu wa karibu aishiye bara jingine, na ripoti ikamtaja mnyama ambaye hajawahi kukanyaga hapo. Ukisoma orodha ya eDNA ukakuta spishi ya ajabu, la kwanza kujiuliza ni nani hakuwemo daftarini.

Kuna kasoro nyingine inayotokana na mitokondria yenyewe. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Mtoto aliyezaliwa na spishi mbili tofauti ataonekana kwenye kipimo hicho kama spishi ya mama yake, na baba hataonekana kabisa. Mahali ambapo tatizo la uhifadhi ni wanyama wa asili kuchanganyika na wageni, kipimo cha kawaida cha eDNA kinaweza kupita juu ya tatizo lenyewe bila kuligusa.

Moshi umetoka wapi?

Katika mto, DNA husafiri. Huko Uswisi, Kristy Deiner na Florian Altermatt waliufuata mto Glatt unaotoka ziwani, wakitafuta DNA ya viumbe viwili vya ziwani, mmoja wao kidudu kinachoelea ambacho makao yake si mtoni. Waliikuta hadi kilomita 12 chini ya ziwa. Kwa anayetaka kujua kama spishi imo popote katika bonde la mto, hii ni neema: mto umeshamkusanyia. Kwa anayetaka kujua iko kwenye kona ipi ya mto, hiyohiyo ni balaa.

Baharini mambo ni ya kasi nyingine. Watafiti waliofuata nyangumi wauaji kwenye pwani ya magharibi ya Marekani waliweza kunasa DNA yao kwenye maji hadi saa mbili baada ya nyangumi kupita. Kwa ujumla DNA iliyo wazi majini hudumu siku chache hadi wiki chache. Joto, jua kali na bakteria huifupishia maisha, baridi na giza huyarefusha. Ikizama kwenye tope la chini hukaa muda mrefu zaidi. Na ikigandishwa huenda mbali kuliko akili inavyotaka kukubali: mwaka 2022 kundi la Willerslev na Kurt Kjær lilichapisha DNA ya miaka milioni mbili kutoka kwenye udongo wa kaskazini ya Greenland, na ndani yake alikuwemo mastodoni, ndugu wa tembo aliyetoweka. Kwa hiyo tope lililochimbuliwa chini ya ziwa linaweza kukupa mnyama wa karne nyingine, na mchunguzi asiye makini akamwandika kwenye orodha ya waliopo leo.

Vyanzo vingine vya moshi wa jirani ni vya kila siku. Samaki aliyeliwa mjini anaishia kwenye maji taka, na maji taka yanaishia mtoni. Ndege amemla samaki ziwa hili na kutupa kinyesi ziwa lile. Katika ghuba ya Maizuru, Japani, watafiti walipima DNA ya samaki wa jamii ya kolekole na kuilinganisha na vipimo vya chombo kinachosoma makundi ya samaki kwa mwangwi. Viwango viliendana vizuri, ila si karibu na soko la jumla la samaki, ambako maji yalionekana kubeba DNA ya samaki walioshushwa na kuoshwa hapo.

Kesi iliyoiweka mbinu hii kwenye mizani hadharani ilitokea Chicago. Spishi mbili za samaki wa jamii ya karpi zenye asili ya Asia zilikuwa zikipanda mito ya Marekani kuelekea Maziwa Makuu ya huko, na kizuizi cha umeme kilikuwa kimewekwa mferejini kuwazuia. Mwaka 2009 DNA yao ikaanza kupatikana upande wa pili wa kizuizi. Desemba mwaka huo jimbo la Michigan lilikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani likitaka milango ya maji ifungwe. Wapinzani wakauliza: mbona hamjaleta samaki hata mmoja? Hoja zikatajwa za mashua, ndege na maji taka. Juni 2010, karpi mmoja mkubwa akavuliwa katika Ziwa Calumet, ng'ambo ya kizuizi. Hakumaliza ubishi, maana samaki mmoja hathibitishi kila sampuli, lakini tangu hapo ikawa vigumu kuipuuza DNA eti kwa sababu haina mapezi.

Kukosa pia ni jibu, likihesabiwa vizuri

Kipimo kikikosa, kinaweza kuwa kimekosa kwa sababu mnyama hayupo. Kinaweza pia kukosa kwa sababu chupa ilichota pengo kati ya mawingu mawili, au kwa sababu maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye majani yaliyooza yana kemikali zinazokizuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Kwa hili la pili dawa ipo. Unatia kwenye sampuli DNA ya kigeni unayoijua, na ikishindwa kukua hata hiyo, unajua kwamba ni mashine iliyozibwa mdomo.

Kwa lile la kwanza, dawa ni kurudia. Tuseme mnyama yumo, na kila chupa moja ina nafasi ya asilimia 30 ya kunasa DNA yake. Ukichota chupa moja, utamkosa mara 70 katika 100. Chupa tano zikishuka zote tupu, nafasi ya kuwa umemkosa ilhali yumo ni karibu asilimia 17. Chupa 10 zote zikiwa tupu, imeshuka chini ya asilimia 3. Hapo sasa kukosa kunaanza kuwa na uzito. Ripoti inayosema "hakupatikana" bila kutaja ilichota mara ngapi haijaripoti kitu, na ningependa wanaofanya maamuzi ya mabwawa na migodi wauulize mwanzo kabisa swali hilo la mara ngapi.

Swali ambalo kila mtu hulitaka na ambalo eDNA hulijibu kwa shida ni idadi. Wako wangapi? Samaki wengi humwaga DNA nyingi, ndiyo. Lakini samaki mmoja mkubwa, au mmoja anayezaa, au mmoja anayeoza chini ya gogo, humwaga nyingi pia. Katika kuita mahudhurio kuna upendeleo juu yake: vipande vya kuanzishia hujishikiza vizuri kwa baadhi ya spishi na vibaya kwa nyingine, na tofauti hiyo hukuzwa katika kila mzunguko wa PCR. Kiwango cha DNA kinaweza kuonyesha kupanda na kushuka kwa spishi ileile mahali palepale. Kukitumia kusema kwamba spishi fulani ni mara tatu ya nyingine ni kukilazimisha.

Umri, jinsia, afya, na hata kama mnyama yu hai, kwa kawaida DNA haisemi. Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago alichukua mwaka 2018 sampuli karibu 250 kutoka Loch Ness, ziwa la Scotland lenye masimulizi ya joka. Hakupata DNA yoyote ya mtambaazi. Alipata ya mkunga wa maji baridi, samaki mrefu kama nyoka, karibu kila mahali. Watu wakamuuliza kama joka lile lingeweza kuwa mkunga mkubwa kupita kiasi, naye akajibu kwa uaminifu kwamba DNA inaonyesha mikunga ni mingi lakini haipimi urefu wake.

Kunusa hewa, kukamua ruba

Maji yalikuwa mwanzo tu. Mwaka 2022 makundi mawili, moja Uingereza na jingine Denmark, yalitoa matokeo wakati mmoja, kila moja likiwa limefikia wazo hilo kivyake: yalivuta hewa ya bustani za wanyama kupitia vichujio na kusoma DNA iliyonaswa. Huko Copenhagen zilitokea spishi 49 zenye uti wa mgongo, hata samaki wadogo waliokuwa kwenye bwawa ndani ya nyumba ya mimea. Kule Uingereza zilitokea 25, na miongoni mwao alikuwemo kalunguyeye wa porini, aliyekuwa akiishi jirani na bustani bila kuwa mali yake, pamoja na kuku na farasi waliokuwa chakula cha wanyama. Bustani ya wanyama ilikuwa chaguo la busara kwa jaribio la kwanza, kwa sababu tembo hayumo kwenye hewa ya Uingereza kwa njia nyingine. Ukinasa DNA yake unajua imetoka wapi.

Msituni, wako wadudu na wanyonyaji waliokwisha fanya kazi ya kukusanya. Ruba anayemnyonya mnyama hukaa na damu hiyo tumboni, na DNA yake imeonekana ikidumu zaidi ya miezi minne. Mwaka 2012 Ida Bærholm Schnell na wenzake walichunguza ruba 25 kutoka msitu wa milima ya Vietnam, na 21 kati yao walitoa DNA ya wanyama, akiwemo sungura mwenye milia ambaye kamera za mtegoni zilikuwa zimemwinda kwa muda mrefu bila kumnasa. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, nzi wanaotua kwenye mizoga wametumika hivyohivyo.

Wakati mwingine mbinu hii inavuka swali la nani yupo. Katika maji ya Qatar, ambako papa potwe hukusanyika kwa wingi, Eva Egelyng Sigsgaard na wenzake walisoma kwenye maji ya bahari tofauti ndogo za DNA kati ya potwe na potwe, wakakadiria namna kundi hilo linavyohusiana na mengine duniani. Humohumo majini waliona DNA ya jodari mdogo ikipanda pamoja na ya potwe, jambo linaloendana na potwe kufuata mayai ya samaki huyo. Na kuchota maji hakuhitaji kumdunga papa sindano ya kuchukulia nyama.

Na chujio halichagui. Linachukua na binadamu. Mwaka 2023 kundi la David Duffy wa Chuo Kikuu cha Florida, lililokuwa likifuatilia kasa, lilionyesha kwamba sampuli za maji, za hewa ya chumbani, na hata mchanga wa alama za nyayo ufukweni hubeba DNA ya watu iliyo safi kiasi cha kusomeka kwa undani. Kwa sasa tafiti za wanyamapori huitupa kama takataka, huku mifuatano ikiwekwa wazi mtandaoni kwa wote. Wanaoishi kando ya mto unaochunguzwa wana haki ya kujua kwamba wamo kwenye chupa, na ridhaa yao iombwe kabla ya chujio kutumbukizwa.

Turudi Port Nolloth. Mchanga ulipofika maabara, mfuatano uliopatikana haukuweza kupewa jina mara moja, kwa sababu kwenye hazina za DNA fuko wa De Winton alikuwa na jeni moja tu la kulinganishia, na ndugu zake wa karibu wanafanana naye sana. Ilibidi kusubiri mpaka jeni la pili lilipopatikana kutoka kwa sampuli ya fuko huyo iliyokuwa kwenye makumbusho huko Cape Town. Mfuatano wa mchangani ukawekwa kando ya huo wa makumbusho, vikafanana. Kila utafiti wa eDNA huishia na mafungu ya mifuatano iliyobaki bila jina, ikahifadhiwa kwenye kompyuta, na mirija ya DNA yake ikakaa kwenye majokofu ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Kila ngozi ya zamani inayotolewa kwenye droo ya makumbusho na kusomwa, mafungu hayo yanaweza kupitishwa tena, na wapo wanyama ambao huenda walishanaswa miaka iliyopita na wangali wanangoja ngozi yao itolewe drooni.